Njuga za Babu Kwenye Kioo cha Kampala

Enzi zetu, mtu akitaka kujua kama jambo ni la kweli, alimtuma mtoto akaangalie. Hakukuwa na simu za kupiga picha, wala kundi la ukoo la kutumiana sauti za dakika tano. Mtoto alitumwa dukani kuangalia kama sukari imefika, au kwa jirani kuangalia kama yule mgeni bado yupo. Akirudi anasema "yupo" au "ameondoka", na watu wazima wanapanga siku yao kwa neno hilo moja. Nikifikiria leo naona ulikuwa ni ujinga mkubwa. Mimi mwenyewe nimewahi kusema sukari haijafika, na wakati nasema hivyo gunia lilikuwa limefunguliwa mbele ya macho yangu, kwa sababu sikutaka kurudi dukani kusimama kwenye mstari wakati wenzangu wanacheza kwepena.

Lakini waliendelea kunituma. Na nilipokuwa darasa la tano walinituma mbali kuliko dukani. Walinituma Kampala.

Tulikaa Jinja, kwenye nyumba za askari magereza, si mbali sana na Nalufenya. Baba alikuwa koplo, Mumasaba wa Nakaloke, kule nje kidogo ya mji wa Mbale. Majirani walikuwa Waacholi, Walango, Waiteso na wengine ambao hata wao wenyewe walibishana kabila lao ni lipi. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kujifunza lugha ya mwenzake, sote tuliongea Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kambini: kila kitu "hii", kila mtu "wewe", na amri nyingi kuliko salamu. Mama akikuita ule chakula, mpita njia angedhani unakamatwa.

Nje ya kambi lugha hiyo ilikuwa na jina baya. Watoto wa mtaani walikuwa wameambiwa na bibi zao kwamba Kiswahili ni lugha ya watu wanaokuja kuvunja mlango. Sisi tulijua hivyo, na tulikitumia vizuri. Kulikuwa na mpera mmoja nyuma ya ukuta, wenye mpera wakiwa juu kama nyani. Rafiki yangu Opio, ambaye baba yake alikuwa mpishi wa magereza na hajawahi kumtisha mtu yeyote isipokuwa maharage, alisimama chini akakaza sauti: "Wewe! Shuka chini! Kitambulisho iko wapi?" Walishuka wote mara moja, wengine bila kutumia miguu. Tukala mapera mpaka tumbo likakataa.

Watoto wa siku hizi wakitaka tunda wanaagiza kwa simu, na bodaboda analeta likiwa limeoshwa. Sijui watasimulia nini wakizeeka.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Nilimuuliza mwalimu mkuu kwa nini siku ya sikukuu ya taifa sisi tunatembea gwaride juani kwa ajili ya watu waliokaa kivulini. Nilimuuliza katekista kama mbinguni kuna zamu za usiku, maana Baba alikuwa amechoka nazo. "Khainza," Mama alisema, "hiyo mdomo yako iko siku moja itafungwa, na mwenye kuifunga itakuwa baba yako, na ufunguo anayo kazini."

Basi, swali lililonipeleka Kampala lilikuwa hili: njuga za Babu ziko wapi?

Kwetu Bumasaba kijana hutahiriwa mbele ya watu wote, na mwaka wake ukifika huzunguka kwa ndugu akicheza ngoma, mwili umepakwa unga wa kimea, mapajani amefunga njuga za chuma. Ni njuga nene, ndefu kama kiganja cha mtu mzima, na mlio wake unafika nyumbani kwako kabla yeye mwenyewe hajapinda kona. Njuga hizo hazinunuliwi. Kijana anaziazima ujombani, na akishapona anazirudisha mwenyewe, kwa mikono miwili, watu wakiona. Asiporudisha, mlango wa wajomba umefungwa kwake na kwa wanawe.

Babu, baba yake Baba, hakurudisha.

Maelezo yake hayakubadilika hata siku moja. Alisema kidonda kilikuwa kimepona juzi tu alipotokea bwana mmoja na Landrova kutoka Kampala, akikusanya vitu vya kale vya kuweka kwenye jumba la makumbusho. Yule bwana alizisikia njuga, akazipenda. Babu alikuwa kijana, amesifiwa mwezi mzima, kichwa kimejaa. Akazitoa. Alipewa koti la kijeshi lenye vifungo vya shaba, na koti hilo alilivaa maisha yake yote, hata juani, kama risiti.

"Haikupotea," alisema Babu. "Iko Kampala, ndani ya kioo. Serikali inailinda. Nani kati yenu iko na kitu inalindwa na serikali?"

Upande wa ujombani walikuwa na maelezo mengine. Mkubwa wao, Mzee Mafabi, mtoto wa mjomba wake Babu, aliyekaa Namatala, mjini Mbale, alisema koti lile Babu alilipata kwa mtu aliyetoroka jeshini, na njuga alizibadilisha kwa chungu cha malwa, pombe ya ulezi, akakinywa chote na wenzake kwa mirija, siku mbili. "Ama iko kwa kioo," Mzee Mafabi alikuwa akisema, "ama iko kwa chungu."

Hilo halikuwa jambo la kuchekea. Baba alipotahiriwa alicheza na njuga za kuazima kwa jirani, na mpaka anapata cheo cha koplo bado kulikuwa na watu Nakaloke waliomwita Njuga ya Jirani. Sasa mwaka wa kaka yangu Wamboka ulikuwa unakaribia. Babu alikuwa amezeeka, mguu mmoja hautaki kumfuata, na alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: mjukuu wake acheze na njuga zilizotoka kwenye sanduku la wajomba. Kwenye matanga ya mtu fulani Baba alikwenda kumwomba Mzee Mafabi mbele ya watu. Mzee alijibu, "Leteni mtu mwenye macho aliyeziona. Aniambie zina alama gani. Akiitaja, nafungua sanduku. Akikosa, huyo kijana wenu afunge vikopo."

Kampala si mbali na Jinja. Kwa basi ni saa mbili, tatu kama kuna lori limelala barabarani. Tukiwa Nakaloke nikauliza kwa nini Babu hajawahi kwenda kuangalia mwenyewe, miaka yote hiyo.

"Mimi niwe shahidi wa kesi yangu?" Babu akajibu.

Nikauliza kwa nini Baba asiende.

"Huyo ni mtoto yangu. Watasema nimemfundisha."

"Na mimi je? Mimi si mjukuu yako?"

"Wewe uko mdogo," Babu alisema. "Mtoto hajui kudanganya."

Nilikumbuka lile gunia la sukari, nikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza Mama kuniona nimenyamaza, akanipima homa.

Bahati ilikuwa kwamba shule yetu ilikuwa inapeleka darasa la tano Kampala muhula huo, kuona mambo ya kale. Babu alisafiri kutoka Nakaloke kuja kuniaga, na furushi la malewa, yale machipukizi makavu ya mianzi, ili Mama ayapike na karanga. Tulipobaki wawili barazani, alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama na koti lake. "Ile kubwa," akaninong'oneza, "iko na waya ya shaba kwa shingo. Ukiulizwa, mimi sikukuambia kitu."

Kumbe kesi yenyewe ilikuwa na mtihani ulioibiwa.

Safari ya shule enzi zetu haikuwa utani. Hatukulala. Nilivaa soksi tangu jioni. Mama alinifungia chapati mbili na mayai kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, na mpaka tunavuka Nile pale kwenye bwawa la umeme, ambapo Mwalimu Isabirye alituamuru tusitoe hata kidole dirishani kwa sababu askari wanaangalia, chapati zilikuwa zimekwisha. Yalipita mashamba ya miwa, ukapita msitu wa Mabira wenye harufu ya majani yaliyooza, yakapita makundi ya wauza kuku wa vijiti waliolivamia basi wakanusa sisi ni wanafunzi, wakaliacha kwa huzuni. Mwalimu Isabirye alikuwa mwalimu wa michezo aliyepewa pia somo la historia, na alifundisha yote mawili kwa filimbi. Kila tukikaribia mahali pa maana alipuliza.

Tulipanda mnara wa msikiti mkubwa kule kilimani, ngazi zinazunguka mpaka Opio akatapika kidogo, kwa heshima, ndani ya kofia yake. Juu tukaonyeshwa vilima vyote vya mji, hiki cha kanisa, kile cha mfalme. Tulivua viatu kwenye makaburi ya wafalme, wasichana tukafungwa leso, tukakaa miguu tumeikunja upande juu ya nyasi zinazonukia, na mama mmoja mlinzi akatuambia mfalme hafi. Nikainua mkono. Mwalimu Isabirye akaushusha.

Palipotuuma ni kwenye mahandaki. Karibu na jumba la mfalme kuna vyumba vya zege chini ya kilima ambamo watu walifungwa na kufa zamani za utawala wa jeshi. Aliyetutembeza aliongea Kiluganda na Kiingereza, kisha akaiga sauti ya wale askari, kwa Kiswahili: "Kaa chini! Funga mdomo!" Darasa zima likageuka likatutazama sisi wa kambini. Ilikuwa sauti ileile ya Opio chini ya mpera.

"Mimi baba yangu anapika posho tu," Opio alisema.

Hakuna aliyecheka. Tulirudi kwenye basi tukiongea Kiingereza kibaya, na mpera ule hatukuusogelea tena.

Jumba la makumbusho tuliliacha mwisho. Ndani palikuwa baridi, pananukia sakafu iliyopigwa nta. Kulikuwa na ngoma kubwa kuliko Mama, ngao, vinubi, mitumbwi, mishale ambayo wavulana waliigandia kama nzi. Nikamvuta Opio shati. Tukapita kabati hadi kabati tukitafuta, mpaka kwenye moja refu, lenye kina, nikaziona.

Zilikuwa tano, zimelala nyuma kabisa kwenye mkanda wa ngozi. Kadi ilisema ni njuga za kuchezea ngoma, za mashariki. Basi. Hakuna jina la mtu, hakuna koti, hakuna Landrova. Na shingo zake zilikuwa zimezama kwenye kivuli cha mkanda. Nilibana pua kwenye kioo, nikajiona mwenyewe. Nilichuchumaa, nikapanda mgongoni kwa Opio, nikalala sakafuni. Kwa kila upande nilioenda, shingo zilinikimbia.

"Toka hapo!"

Alikuwa askari wa pale, mzee mrefu wa kaskazini, kiatu kinang'aa, amesimama kama mtu ambaye tangu aache jeshi hakuna aliyemwambia alegee. Alikuwa amesema kwa Kiluganda cha kuazima. Mimi kwa hofu nikajibu kwa lugha ya nyumbani.

"Jambo, afande."

Uso wake ulibadilika. "Nani amekufundisha Swahili, wewe toto?"

"Kambi ya magereza, Jinja, afande."

"Baba yako cheo gani?"

"Koplo, afande."

"Na huyu?"

"Mpishi, afande," Opio akasema.

"Hiyo ndiyo cheo kubwa," alisema yule mzee. "Haya, ripoti. Unalala kwa sakafu ya serikali kwa sababu gani?"

Nikamweleza yote, koti, waya, chungu cha malwa, Wamboka, vikopo. Alisikiliza bila kukata. Kisha akauliza swali ambalo mimi, bingwa wa maswali, sikuwa nimeliuliza. "Na kama haina waya?"

Nikatazama kiuno chake. "Afande uko na tochi?"

"Tochi ni ya serikali."

"Na njuga ni ya Babu yangu."

Akacheka, kicheko cha kukohoa, akachomoa tochi kiunoni. Akainama pale pembeni, akaupitisha mwanga kwenye pengo la kabati, ukatambaa juu ya ngozi, ukafika kwenye ile njuga kubwa. Na wakati huohuo filimbi ikalia mlangoni, na mkono wa Mwalimu Isabirye ukalishika sikio langu na kuondoka nalo, na mimi nikalifuata.

Kitu kiling'aa. Naapa kiliwaka kitu. Kingeweza kuwa waya wa shaba. Kingeweza kuwa tochi kwenye kioo.

"Nimeona waya," nilimwambia Opio ndani ya basi.

"Mimi nimeona tochi."

"Wewe ulikuwa unaangalia mishale."

"Nilikuwa nimekubeba!" akasema. Mpaka tunaingia Mabira tulikuwa hatuongei.

Likizo ilipofika tulipanda kwenda Mbale, wote, na siku ya pili tukashuka Namatala kwa Mzee Mafabi. Mtaa wenyewe umebanana, nyumba zinaegemeana, kila mlango kuna mtu anauza kitu kidogo, nyanya sita, mkaa wa kopo. Uani kwake palikuwa pamejaa ndugu wa pande zote mbili. Mzee alikaa kwenye kigoda, mdogo, mkavu, jicho moja na ukungu. Babu alikaa mbali naye, amefunga vifungo vyote vya koti, anatokwa jasho. Wamboka alisimama nyuma ya Baba. Alikuwa na miaka kumi na minane na alikuwa anakata kucha kwa meno.

"Wewe ndiye macho?" Mzee Mafabi akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Uliona nini Kampala?"

Nilimtazama Babu. Alikuwa anatazama kuku. Nikamtazama Wamboka, na kwa kweli kama asingekuwa anatafuna ile kucha labda leo ningekuwa nasimulia hadithi nyingine.

"Niliziona. Ziko tano, ndani ya kioo. Ile kubwa iko na waya ya shaba kwa shingo."

Ua wote ulivuta pumzi. Ningeishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshaonja utamu wa kuaminiwa, nikaongeza chumvi yangu. "Imezungushwa mara tatu."

Mzee Mafabi alikaa kimya mpaka nikasikia mkaa ukipasuka jikoni.

"Mara nne," akasema.

Babu alianza kukohoa. Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilihisi mkojo unaniita. Mzee alinitazama kwa lile jicho zima, muda mrefu, kisha akamgeukia Babu, akamtazama yeye muda mrefu zaidi, wazee wawili ambao hawakuwa wamekaa ua mmoja tangu ujana.

"Labda ya nne ilikatika," Mzee Mafabi akasema polepole. "Safari ni ndefu. Leteni sanduku."

Wanawake wakapiga vigelegele. Babu alijaribu kusimama, mguu ukakataa, na Mzee Mafabi mwenyewe ndiye aliyemshika mkono wa koti. Wamboka alifungwa njuga palepale, akaruka mara moja, na mlio ukatoka nje ukaifikia barabara. Tulikula malewa mpaka usiku. Mwezi huo kaka yangu alicheza kutoka Namatala hadi Nakaloke, na Babu alikaa mlangoni kila siku akisikiliza, na kila mlio ukikaribia alisema, "Hiyo ni ya sanduku. Sikia. Hiyo si ya jirani."

Babu alikufa miaka michache baadaye, akazikwa na koti limekunjwa chini ya kichwa chake. Mzee Mafabi alimfuata msimu uliofuata. Mimi nikaenda chuo kikuu, palepale Kampala. Huko nilifundishwa kutoamini kitu bila ushahidi, na nilikuwa mwanafunzi mzuri mno. Nilibishana na maprofesa, nilibishana na wachungaji, nilibishana na mashangazi zangu kuhusu mambo yaliyowaacha wakilia. Na kwa miaka mitatu nilipita karibu na lile jumba la makumbusho kila wiki, na kila mara nilikuwa na haraka.

Mwaka huu mtoto wa Wamboka amefika zamu yake. Sanduku sasa liko kwa Masaba, mjukuu wa Mzee Mafabi, fundi wa simu mjini Mbale, kijana wa kisasa. Akaandika kwenye kundi la ukoo: "Kabla sijafungua sanduku, nataka kuona picha ya zile njuga za Kampala. Babu yangu alisema ziko na waya mara nne. Si kwa ubaya. Siku hizi kila kitu kiko na picha." Kundi zima likaandika jina langu.

Nilikwenda Jumamosi na Nambozo, binti wa Wamboka, miaka kumi na miwili. Ndani ya basi nilimsimulia yote haya. Nilimwonyesha mahali walipotuacha wauza kuku kwa huzuni, naye alikuwa na nyaya masikioni, anasema "mm" kila baada ya muda kama mtu anayemjibu mgonjwa. Sisi tulikwenda Kampala na soksi tumevaa tangu jioni. Yeye alikuwa ameshaiona Kampala yote kwenye simu, aliniuliza kama kuna umuhimu wa kushuka.

Harufu ya nta ilikuwa ileile. Yule afande hakuwepo tena, mahali pake palikuwa na msichana mpole anayesema karibu. Njuga zilikuwa zimesogezwa mbele, taa nzuri juu yake, na mtu yeyote mwenye macho angeziona bila kupanda mgongo wa mwenzake. Mimi nilisimama hatua tano nyuma nikisoma kuhusu mitumbwi.

"Shangazi," Nambozo akaita. "Waya iko."

Nikaiacha mitumbwi. Babu, nikasema moyoni, Babu, nisamehe.

"Shangazi, kuja uone." Alikuwa amepiga picha, anaivuta kwa vidole viwili. "Hii kubwa iko na waya. Na hii ndogo. Na hii. Zote tano ziko na waya. Hii kubwa mara tatu, hii tano, hizi mbilimbili."

"Ya mara nne iko wapi?"

"Hakuna ya mara nne."

Hapo ndipo nilipoikumbuka miguu ya Wamboka. Ile siku uani Namatala, njuga zilizotoka sandukuni, za Mzee Mafabi mwenyewe, zilikuwa na waya wa shaba shingoni, moja moja zote, maana ndivyo wahunzi wa kwetu walivyozifunga zisiteleze. Niliziona zikiruka mbele yangu mwezi mzima na sikuuliza. Alama ile ilikuwa alama ya kila njuga Bumasaba. Babu alijua. Mzee Mafabi alijua. Wangeweza kumtuma kipofu na angefaulu, kama asingeongeza chumvi.

Nilikaa kwenye benchi nikacheka mpaka yule msichana mpole akaja kuniuliza kama nataka maji. Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyewadanganya wale wazee.

Nambozo hakucheka. Alikuwa anafikiri, na uso wake uliniogopesha kwa sababu niliutambua. "Kwa hiyo hatujui kama ni zile," alisema.

"Hatujui."

"Na Masaba ni fundi. Nikituma hii atavuta, atahesabu zote."

"Atahesabu."

Wenzetu wa siku hizi, nilikuwa nimejiandaa kumwambia, mnaharibu mambo. Enzi zetu neno la mtoto lilifungua sanduku. Watu walichoka kugombana, wakatafuta mlango, na hapakuwa na mtu wa kuuvuta mlango kwa vidole viwili na kuhesabu bawaba zake. Nilikuwa na hotuba nzima. Nilipoinua kichwa, yeye alikuwa ameshainamia simu, kidole kinatembea, anakata picha upande huu, anakata upande huu, mpaka ikabaki njuga moja tu, ile kubwa, shaba inawaka shingoni. Akaituma kwenye kundi. Chini akaandika: "Nimeiona kwa macho yangu."

Masaba alijibu kabla hatujafika mlangoni. "Naona mara tatu. Babu alisema nne."

Nilinyoosha mkono nichukue simu. Nambozo akaisogeza mbali, akaandika bila kunitazama, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama nyuma yake nilisoma kila neno lilivyotokea: "Ya nne ilikatika. Safari ni ndefu."

Kumbe alikuwa anasikiliza.

Tulisimama pale kwenye ngazi, jua la Kampala limetupiga usoni, tukisubiri. Simu ikakaa kimya muda mrefu kama Mzee Mafabi kwenye kigoda. Kisha ikalia.

"Sawa," Masaba aliandika. "Sanduku liko wazi. Mwambieni kijana aje."